SOMO LETU: IKAGUE ANWANI YA BARUA PEPE



Siku hizi maombi mengi hupelekwa kwa mtandao. Cheti cha kuzaliwa huombwa RITA kwa njia hiyo, na mkopo wa masomo huombwa HESLB. Hapa Ifakara wengi wetu huenda steshenari, kijana akatujazia fomu. Fomu nyingi huuliza anwani ya barua pepe, maana majibu hupitia humo. Ukikosea, jibu hulioni, na mwanao anaweza kupitwa na tarehe ya mwisho.

Sehemu tatu za anwani

Tazama: jinalako@gmail.com

1. Jina la mwenye sanduku: jinalako.
2. Alama @. Ni herufi a iliyozungushiwa mviringo. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua itenganishe jina na mahali.
3. Mahali sanduku lilipo: gmail.com. Angalia ile nukta.

Usiache nafasi katikati.

Fomu hukagua nini?

Ukisahau @, fomu hukataa pale pale. Je, ikikubali, ndiyo kusema anwani ni sahihi? La! Fomu imetazama umbo tu. Ukiandika gmial.com umbo ni zuri, lakini mahali sipo. Ukiandika Kilombelo badala ya Kilombero, mtu atakuelewa. Mashine haielewi. Barua itarudi, au itakwenda kwa mwingine.

Fikiri juu ya posta. Karani ataona kwamba bahasha haina namba ya sanduku. Namba ikiwepo, hawezi kujua kama ufunguo unao wewe au jirani yako.

Ndiyo maana fomu nyingi hutuma kwanza barua ya uhakikisho. Ndani yake mna tarakimu za kujaza, au mahali pa kubonyeza. Anayeweza kuifungua barua hiyo ndiye mwenye ufunguo.

Fanya hivi

1. Andika anwani yako daftarini, herufi moja moja.
2. Kabla fomu haijatumwa, kijana aisome anwani kwa sauti. Wewe fuatilia daftarini.
3. Usikubali aandike anwani yake. Fomu itaipokea, lakini majibu yatakwenda kwake. Akikufungulia anwani mpya, ondoka nayo pamoja na neno la siri.
4. Kama kuna barua ya uhakikisho, ngoja ifike, uifungue ukiwa hapo hapo.

Usione haya kumwambia kijana, "Hebu rudia mwanangu, nisome mwenyewe." Fomu ni yako, na kusoma unajua.

Maswali

1. Ipi ina umbo sahihi?
(a) jinalako.gmail.com
(b) jina lako@gmail.com
(c) jinalako@gmail.com
2. Kwa nini fomu inaweza kupokea anwani isiyo yako?
3. Barua ya uhakikisho ina kazi gani?

Jadilianeni majibu na wenzenu darasani au nyumbani.