Ukienda hoteli mpya, nenda na jicho la Kibuye

Anayekwenda soko la Kibuye siku ya Jumapili kununua samaki hahitaji kufundishwa. Hufunua mashavu ya samaki aone kama yangali mekundu. Hubonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi mahali pake. Hutazama jicho kama limeingia ukungu, kisha hunusa. Asiporidhika, humwendea mama mwingine.

Lakini mtu huyo huyo akialikwa katika hoteli mpya ya kifahari jijini Kisumu, yenye vitambaa vyeupe mezani na majina ya kigeni kwenye menyu, hunyamaza. Hula kila kinacholetwa kwa kuwa anaona haya kuuliza, au anafikiri kwamba chakula cha bei ghali hakiwezi kumdhuru. Somo letu la leo ni kuhusu namna ya kula vizuri katika hoteli kama hizo bila ya kuondoka na maradhi.

Kung'aa si usafi

Kwanza tuondoe dhana kwamba kuendesha na kipindupindu ni maradhi ya vibanda vya kando ya barabara pekee. Mwezi wa Juni 2017, watu waliohudhuria mkutano wa kisayansi wa mambo ya afya katika hoteli moja kubwa jijini Nairobi waliugua kipindupindu. Mwezi uliofuata, maonyesho ya biashara yaliyofanyika katika jumba la mikutano la KICC yalifuatwa na wagonjwa wengine, na mawaziri wawili wa serikali wakalazwa hospitalini. Mwezi wa Oktoba 2022, mlipuko mwingine nchini ulianza kwa watu waliokula katika sherehe ya harusi huko Limuru. Nako Kisumu kulitajwa pamoja na Migori na Nairobi Wizara ya Afya ilipotangaza kipindupindu mwezi wa Aprili 2025.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa kula chakula kichafu, na 420,000 hufa. Vijidudu havisomi bei iliyoandikwa kwenye menyu.

Milango mitatu ya maradhi

Vijidudu huingia katika chakula cha hoteli kwa milango mitatu mikubwa.

Mlango wa kwanza ni mikono. Mpishi aliyetoka chooni bila kunawa kwa sabuni anaweza kuwapa wateja wengi homa ya matumbo, kipindupindu au homa ya ini ya aina ya A. Chakula cha kifahari huguswa sana kwa vidole: kila jani na kila kipande hupangwa mmoja mmoja ili sahani ipendeze macho. Kadiri kinavyoguswa baada ya kuiva, ndivyo mikono inavyotakiwa kuwa safi zaidi.

Mlango wa pili ni maji. Maji ndiyo huosha saladi, hutengeneza barafu na kuchanganywa na maji ya matunda. Mifereji ikikauka, hoteli hununua maji ya lori au ya kisima. Kama hayakutiwa dawa wala kuchemshwa, barafu inayoelea katika glasi yako ni maji yale yale. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu.

Mlango wa tatu ni joto. Chakula kilichoiva kikiachwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, vijidudu huzaana upesi. WHO inashauri chakula kiive hadi ndani kifikie nyuzi 70, na kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili. Jihadhari hasa na meza ya kujipakulia. Kama sufuria zake hazitoi mvuke, chakula hicho kimeanza kupoa.

Sahani za kufikiria mara mbili

Samaki mbichi. Hoteli nyingi za kisasa huandaa samaki asiyepikwa, akiwa amekatwa vipande vyembamba au kulowekwa katika maji ya limau. Jua kwamba samaki wa maji baridi, kama ngege na mbuta, anaweza kuwa na minyoo. Limau hubadilisha rangi ya nyama ikaonekana kama imeiva, lakini haliui minyoo wala vijidudu vyote. Samaki wa kuliwa mbichi hugandishwa kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sufuri kwa siku saba ili minyoo ife. Friji ya kawaida ya nyumbani haitegemewi kwa kazi hiyo.

Kumbuka yaliyotokea Peru mwaka 1991. Kipindupindu kilipoingia nchini humo, zaidi ya watu 300,000 waliugua katika mwaka huo mmoja, na samaki wa limau wanayempenda sana alikuwa wa kwanza kushukiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji machafu yalieneza maradhi zaidi kuliko samaki huyo. Funzo kwetu ni kwamba kumkataa samaki mbichi halafu ukanywa maji yenye barafu usiyoijua ni kuziba tundu moja na kuacha jingine.

Nyama isiyoiva. Kipande kizima cha nyama ya ng'ombe kikiunguzwa vizuri kila upande, vijidudu vingi vilivyo juu hufa. Lakini ndani kukibaki kwekundu, mabuu ya tegu yaweza kubaki hai. Nyama ya kusaga ni hatari zaidi, maana kusaga huchanganya ya nje na ya ndani. Hiyo iive mpaka rangi nyekundu iishe. Kuku naye aive hadi kwenye mfupa.

Michuzi ya mayai mabichi. Mayonesi iliyotengenezwa jikoni na baadhi ya vitindamlo laini hutumia mayai yasiyopikwa, ambayo yaweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Uliza kama imetengenezwa hapo au imetoka kiwandani.

Saladi na mboga. Mrenda na osuga zilizopikwa zikaletwa zingali moto ni salama kuliko majani mabichi yaliyopambwa kando ya sahani. Usione haya kuagiza mboga za kwetu mahali pa kifahari. Wapishi wengi wa kisasa huzionea fahari.

Uulize nini, na vipi?

Kuuliza si kukosa adabu. Mwaka 1998 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ikawazuia tena samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya kuulia wadudu ambayo baadhi ya watu waliitumia kuvulia. Viwanda vya samaki vililazimika kuboresha usafi na vipimo vya maabara ili soko lifunguliwe. Ikiwa mnunuzi wa ng'ambo aliuliza kuhusu samaki wetu, wewe unayeishi kando ya ziwa una haki zaidi ya kuuliza.

Sema kwa upole: "Samahani dada, samaki huyu ni wa leo? Naweza kumwona kabla hajapikwa?" Hoteli nzuri haitakasirika. Uliza pia kama barafu imetokana na maji yaliyosafishwa, na kama kuna maji ya chupa ambayo utaifungua mwenyewe mezani.

Tazama choo cha wateja. Kama hakina maji wala sabuni, jiulize choo cha wapishi kikoje. Tazama kucha za mhudumu, na kama anayepokea pesa ndiye anayeshika mkate. Sheria ya Kenya inataka kila anayeshughulikia chakula apimwe afya na kuwa na cheti, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Hoteli nayo yapaswa kuwa na leseni ya usafi wa chakula. Ukiona kasoro kubwa, mjulishe afisa wa afya ya umma wa eneo lako.

Nawe mwenye hoteli, usimlazimishe mpishi anayeendesha aje kazini kwa kuogopa kukatwa mshahara. Akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu kuendesha kukome. Mshahara wa siku mbili ni nafuu kuliko kufungiwa hoteli.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi

Waja wazito, watoto wadogo, wazee, na watu ambao kinga yao ya mwili imepungua wasile kabisa samaki mbichi, nyama isiyoiva, mayai mabichi wala jibini laini la maziwa yasiyochemshwa. Mja mzito akiambukizwa kijidudu kiitwacho listeria, mimba yaweza kuharibika hata kama yeye mwenyewe amehisi homa kidogo tu.

Ukiugua baada ya kula

Kutapika saa chache baada ya mlo mara nyingi hutokana na sumu ya vijidudu iliyokuwamo chakulani. Kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku tano. Homa ya matumbo huweza kuchukua wiki moja hadi tatu. Kwa hiyo usilaumu tu chakula ulichokula jana.

Anza mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali iliyo karibu. Kwa wakazi wa Kibuye, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia, iko kando ya barabara ya Kakamega. Kipindupindu chaweza kuua kwa saa chache, lakini mgonjwa akirudishiwa maji mapema hupona.

Maswali ya kujipima

1. Je, limau linatosha kumfanya samaki mbichi awe salama?
2. Kwa nini nyama ya kusaga yahitaji kuiva zaidi kuliko kipande kizima?
3. Chakula kilichoiva kisikae nje kwa muda gani?
4. Taja mambo mawili utakayotazama kabla ya kuagiza chakula.

Jibuni maswali haya pamoja nyumbani kabla ya mwaliko ujao. Furahieni chakula, vitambaa vyeupe na upepo wa ziwa, lakini macho yawe wazi kama mliyo nayo Kibuye. Kinga ni bora kuliko tiba.