Redio ya Sufuria na Umeme Wake wa Namna Mbili

Mwaka 1949 Bwana Harry Franklin, Mkurugenzi wa Habari huko Lusaka, katika nchi iitwayo leo Zambia, alikishawishi kiwanda cha Ever Ready cha Uingereza kuwatengenezea Waafrika redio ya bei nafuu. Sanduku la kwanza lilikuwa sufuria ya aluminiamu isiyo na mkono, ndiyo sababu ya jina lake. Redio iliuzwa pauni 5, na betri yake, yenye kudumu saa 300 hivi, shilingi 25.

Mtu aliyerithi redio ya jinsi hii hutaka kuisikia siku ile ile. Asifanye haraka. Valvu zake nne hazitengenezwi tena, na kosa moja laweza kuziua zote.

Redio za valvu za betri hula umeme wa namna mbili. Wa kwanza, volti 1.5 tu, hutia joto uzi mwembamba ulio ndani ya valvu. Wa pili, kwa desturi volti 90, ndio uendeshao kazi yenyewe. Ukiutia huu wa pili mahali pa ule wa kwanza, nyuzi hukatika papo hapo. Nasi tulifanya hivyo katika redio yetu ya kwanza, kwa uvivu wa kufuata nyaya. Tukaona mmweko kama wa kiberiti, kisha kimya.

Betri ya zamani haipatikani dukani, lakini yaweza kuigwa. Betri kumi ndogo za volti 9, zikiungwa mfululizo, chanya kwa hasi, hutoa volti 90. Watoto wasizikaribie, maana zapiga mkono. Kwa nyuzi, chukua betri mbili kubwa za tochi, uziunge sambamba, chanya kwa chanya. Zikifuatana zitatoa volti 3, nazo zitaunguza.

Kabla ya hayo, badili kapasita ya karatasi ipelekayo sauti kwenye valvu ya mwisho. Ikizeeka huvuja kama mtungi wenye ufa, na valvu ile huchoka upesi. Kisha unga nyuzi peke yake, utazame gizani, kwa kuwa mwanga wao ni hafifu mno. Katika waya wa volti 90 weka kwanza balbu ndogo ya tochi: ikiwapo hitilafu, heri ikatike hiyo.

Ukisikia mvumo tu, tundika waya mrefu mtini kabla ya kuzilaumu valvu.