Nguvu za Injini na Ulaji wa Petroli

Watu wengi huamini kwamba injini yenye nguvu nyingi hula petroli nyingi kwa sababu tu ya nguvu zake. Imani hiyo ina ukweli, lakini sababu yenyewe sivyo inavyodhaniwa.

Chukua mfano wa gari la kilo 1,000 liendalo kilometa 80 kwa saa katika barabara tambarare. Hewa hulizuia kwa kani ya nyutoni 240 hivi, na mbingiriko wa magurudumu huongeza nyutoni 120. Nguvu ni kani mara mwendo. Na kwa kuwa mwendo huo ni kadiri ya meta 22 kwa sekunde, gari lahitaji kilowati 8 tu. Hata hivyo injini yake yaweza kuwa na uwezo wa kilowati 60! Akiba hiyo ni ya kuongezea mwendo na kupandia milima.

Hapa ndipo hasara inapoanza. Injini ya petroli ikitakiwa kutoa nguvu ndogo, kilango cha kuingizia hewa hufungwa karibu chote, na pistoni huvuta hewa kwa shida, kama mtu anywaye uji mzito kwa mrija. Msuguano nao haupungui sana. Injini kubwa, yenye silinda pana, hupoteza zaidi kwa njia zote mbili, ingawa kazi ya barabarani ni ile ile. (Dizeli kwa kawaida haitawaliwi kwa kilango hicho, ndiyo sababu mojawapo ya ubora wake.)

Lita ya petroli ina megajouli 32 hivi, na gari hilo lahitaji megajouli 0.36 kwa kila kilometa. Ikiwa ufanisi ni asilimia 20, lita moja itatosha kilometa 18. Ukishuka hadi asilimia 15, kilometa 13 tu.

Dereva naye ana sehemu yake. Kani ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kwa kilometa 110 kwa saa, nguvu zinazohitajika huzidi kilowati 17. Ndiyo maana mwaka 1974, baada ya uhaba wa mafuta wa 1973, Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa.

Mwanafunzi na akokotoe nguvu zinazohitajika kwa mwendo wa kilometa 80 katika mlima unaoinuka meta 6 kwa kila meta 100. Atapata kilowati 21 hivi. Na hapo kilango hufunguka, na ufanisi wa injini huwa bora kuliko katika tambarare.