Mahindi Yenye Ukungu: Nani Alipe Hasara?



Tuseme kikundi chenu kilinunua magunia 20 ya mahindi wakati wa mavuno, mkayaweka stoo mngojee bei ipande. Miezi mitatu baadaye mnafungua, na magunia manne ya chini yameota ukungu. Pesa zenyewe nusu ni za mkopo. Mama mmoja anasema, "Si tuchanganye na yale mazuri, nani atajua?"

Maneno hayo nimeyasikia katika mikutano zaidi ya mmoja, na wanaoyasema si watu wabaya. Ni watu wanaoogopa deni.

Lakini tukumbuke mwaka wa 2004. Huko Makueni, Kitui, Machakos na Thika watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini, yaani sumu inayoletwa na ukungu. Sumu hii huharibu ini, na haiishi kwa kupikwa, iwe ugali au githeri. Tena mahindi yaweza kuonekana safi na bado yanayo. Kwa hivyo ukichanganya, unaieneza tu. Na usiseme basi utampa ng'ombe, maana hupitia kwenye maziwa, na maziwa tunawapa watoto.

Nabii Amosi (8:6) aliwakemea wafanyabiashara waliouza makapi ya ngano. Angalia waliouziwa ni nani: maskini. Hata leo, anayenunua gorogoro moja jioni hana njia ya kupima. Anatuamini tu.

Basi kazi ianze kabla ya kununua. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, halafu iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Yaanikwe juu ya turubai, si mchangani. Ndani ya stoo wekeni mbao chini, na magunia yasiguse ukuta. (Sala ni njema, lakini haikaushi mahindi.)

Yaliyokwisha kuharibika, mwiteni afisa wa kilimo awaonyeshe namna ya kuyaondoa. Mwekahazina naye aandike hasara hiyo kitabuni, kila mwanachama aione.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Hasara ya magunia manne tutagawana vipi sisi wenyewe?

2. Mwanachama mwenzetu akileta mahindi mabichi, nani atathubutu kumrudishia?