Sumu ya Hori ya Makupa na Afya Yako

Mnunuzi wa samaki katika Mji wa Kale, Mombasa, huanza kwa kutazama macho ya samaki, kisha hufunua matamvua aone kama bado ni mekundu. Hiyo ni desturi nzuri. Lakini iko sumu ambayo macho hayawezi kuiona, nayo huanzia kwa vijimea vya baharini.

Vijimea ni nini?

Hivi ni jamaa ya mwani, ila ni vidogo mno. Kijiko kimoja cha maji ya bahari chaweza kubeba maelfu. Hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, navyo huliwa na dagaa, chaza na makinda ya samaki. Bila vijimea, mvuvi hana cha kuvua.

Sumu yatoka wapi?

Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa Kibarani, kando ya hori ya Makupa, hadi jaa hilo lilipofungwa. Wanasayansi waliopima tope la hori hiyo walikuta madini mazito, yakiwemo risasi na kadimiamu. Tuta la barabara nalo lilizuia maji kupwa na kujaa ipasavyo. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 limeyapa maji njia, lakini madini hayaozi kama maganda ya ndizi. Yaliyolala topeni yaweza kuvurugwa yakarudi majini.

Yanadhuru vipi?

Kijimea hunasa mwanga kwa rangi yake ya kijani, ambayo kiini chake ni magnesiamu. Kadimiamu, au shaba iliyozidi, yaweza kuiondoa magnesiamu na kukaa mahali pake. Hapo rangi haifanyi kazi sawasawa. Kijimea hukosa chakula, huacha kuongezeka, na mwishowe hufa. Vile vinavyostahimili huendelea kuishi vikiwa vimebeba madini mengi kuliko maji yaliyovizunguka. Chaza na kome, wanaochuja maji mchana na usiku, huyakusanya mwilini.

Nasi je?

Kadimiamu hukaa katika figo za binadamu kwa miaka mingi na kuzidhoofisha. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni mwa mamaye. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi madini haya.

Usiache kula samaki, maana ni chakula bora. Zingatia haya:

* Usiokote chaza, kome wala kaa karibu na majaa, mifereji ya maji machafu au gati za meli.
* Tupa matumbo, maini na matamvua ya samaki. Madini hukusanyika zaidi humo kuliko katika nyama.
* Usitupe betri kuukuu wala mabaki ya rangi katika mtaro. Mitaro ya kisiwani huishia baharini.

Tukumbuke kwamba kinachotupwa mtaroni leo chaweza kurudi kesho ndani ya sahani ya mtoto.