SOMO LETU: DAFTARI LA KILO NDANI YA KOMPYUTA



Sisi tunaokata mikungu ya chikichi Kigwena na kukamua mawese Rumonge tulizoea daftari la karani: kilo huandikwa kwa wino, kila mtu akaziona. Siku hizi ofisi nyingi huweka hesabu hizo ndani ya kompyuta. Basi tuuelewe mpango huo.

Kompyuta iliyo mezani kwa karani ni dirisha tu. Daftari lenyewe limo katika mashine kuu, iitwayo seva. Waya au mawimbi ya redio huziunganisha: huo ndio mtandao. Mtandao ukikatika, dirisha hufungwa, lakini daftari lipo. Seva ikiharibika, daftari lenyewe liko hatarini.

Kwa hiyo mtunzaji wa seva ana kazi tatu:

1. Kumpa kila mtumishi neno lake la siri, ili ijulikane nani kabadilisha nini.
2. Kuikinga seva na umeme unaokatika ghafla.
3. Kunakili daftari kila siku, na kuweka nakala katika nyumba nyingine, mahali pa juu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifurika hadi mitaani Rumonge. Nakala iliyo chumba kimoja na seva huzama nayo.

Tuulize kazini: Nani anaruhusiwa kubadilisha kilo zilizokwisha andikwa? Nakala ilijaribiwa kusomwa lini?

Nasi tutunze karatasi zetu za mizani mpaka malipo yahakikishwe. Hiyo ndiyo nakala iliyo mikononi mwetu.