Dondoo muhimu: Kuegesha bodaboda Tunduma

Barabara kuu ya TANZAM inapita Tunduma kuelekea Nakonde, Zambia. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019, lakini foleni za malori bado zipo, na pikipiki iliyoegeshwa ovyo kando ya foleni hizo ni hatari kwa maisha.

Mbali na malori. Dereva aliyekaa juu kwenye kichwa cha lori haoni pikipiki iliyo chini ya pua ya gari lake wala iliyobana ubavuni. Bodaboda asiegeshe kati ya malori mawili, hata kama yamezimwa. Foleni husogea ghafla.

Kijiweni. Bodaboda mgeni aanze kwa mwenyekiti wa kijiwe. Kupakia ni kwa zamu. Kumdaka abiria aliyekwisha kuitwa na mwenzake ndiko kunakozua ugomvi.

Mbele ya duka. Bodaboda aombe ruhusa kwa mwenye duka, na aache nafasi ya kupita wateja na mikokoteni.

Stendi na ekzosi. Msimu wa mvua ardhi hulainika na stendi huzama. Kipande cha ubao au jiwe bapa chini yake huzuia pikipiki kuanguka. Ekzosi yenye moto isielekee wapita njia, hasa watoto.

Usiku. Usukani ufungwe, ufunguo usiachwe, na pikipiki ikae penye taa.

Viongozi wa vijiwe visivyo na mipaka wafike Halmashauri ya Mji wa Tunduma, waombe eneo rasmi la maegesho.